Kabla ya Kuwekeza kwa Simu, Tufundishwe Kwanza Jinsi Pesa Hupotea

Mwisho wa mwezi Karagita hujulikana tu. Mishahara ya mashamba ya maua ikiingia kwa simu, foleni za wakala hurefuka, kodi ya nyumba hulipwa, na pesa za wazazi hutumwa nyumbani. Jioni simu inalia tena. Ni ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua, anakualika kwenye "darasa la masoko ya fedha". Tuma elfu mbili tu, anasema, pesa zianze kukufanyia kazi.

Sisi tunaoandika hapa tunafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu, na kuna jambo lazima tulikubali. Kampuni kama yetu zimekuwa hodari wa kurahisisha kuweka pesa, lakini kueleza pesa hizo zinaenda wapi tumekuwa wavivu. Mwaka wa 2017 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Kabla ya hapo, mnunuzi wa hati fungani za serikali alihitaji angalau 50,000. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Ila mtu akiingia sokoni bila mafunzo, anaingia akiwa kipofu.

Maoni yetu ni haya: somo la kwanza la mgeni yeyote sokoni liwe jinsi pesa hupotea. Faida itafuata baadaye.

Na watu wa Karagita hawaanzi sifuri. Maua mengi ya Naivasha huuzwa kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Pale bei huanzia juu na kushuka kwenye saa ya mnada, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Anayefungasha waridi anajua kwamba kabla ya Valentine kazi huwa nyingi kwa sababu wateja ni wengi. Anakumbuka pia Machi 2020, corona ilipofunga Ulaya, maua yakatupwa na vibarua wengi wakarudishwa nyumbani. Ua lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mnunuzi. Hisa nazo hufuata njia hiyo hiyo.

Tuangalie Safaricom. Mwaka wa 2008 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, na Wakenya walipanga foleni. Kuna waliokopa benki ili wanunue. Kabla ya mwaka kuisha, bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Miaka mingi baadaye, 2021, ilipita 40. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja. Aliyekopa hakuwa na nafasi hiyo, kwani benki haingoji. Kampuni ni moja na bei ni moja, lakini matokeo hayakufanana.

Somo la pili ni hesabu. Tuseme umeweka shilingi 10,000 kwenye mfuko wa soko la fedha, na mfuko unalipa asilimia 10 kwa mwaka. Riba ni 1,000. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 kwenye riba hiyo, yaani 150. Unabaki na 850 kwa mwaka mzima, karibu shilingi 71 kwa mwezi. Si mbaya, na ni pesa halali. Sasa mtu akikuahidi asilimia 30 kwa mwezi, jiulize anaipata wapi. Mara nyingi inatoka kwa atakayejiunga baada yako.

Somo la tatu ni leseni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA, ndiyo hutoa leseni kwa madalali wa hisa, wasimamizi wa mifuko na hata wanaoendesha biashara ya forex mtandaoni, na huchapisha orodha ya waliopewa. Jina likikosekana, usitume hata shilingi. Na kumbuka, pesa za uwekezaji hazitumwi kwa namba ya mtu binafsi.

Kuna watakaosema mafunzo haya yatawaogopesha wateja. Sawa, wengine wataogopa. Lakini mteja aliyepoteza karo ya mtoto kwa sababu hatukumwambia ukweli harudi tena, na ana haki ya kutorudi. Ndiyo maana tunasema mafunzo ya mwanzo yawe ya bure, yawe kwa Kiswahili, na yaje kabla ya kitufe cha kuweka pesa.

Kwa hivyo ukiwa Karagita au kwingine, anza hivi. Kodi, karo na pesa ya dharura zikae kando. Kinachobaki, hata kama ni 500, ndicho cha kujifunzia. Na yeyote anayekuuzia uwekezaji, hata kama ni sisi, muulize kwanza: nikipoteza, nitapoteza vipi? Akikwepa swali hilo, weka simu mfukoni.