Maziwa Hayaoshi Mapafu

Sisi vijana wa Nakivale tunaochomelea vyuma huwa tunaambiana: kunywa maziwa, moshi utatoka. Jamani, hapana! Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni. Ukichomelea bomba lililopakwa zinki, usiku unaweza kutetemeka kama mwenye malaria. Tena mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa WHO walithibitisha kwamba moshi huu unaleta saratani ya mapafu. Kitambaa puani hakiuzuii.

Kwa hiyo tuchomelee nje, upepo utoke ubavuni, kichwa kisiinamie moshi. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mkitupatia mashine na cheti, ongezeni barakoa za kuchuja moshi. Hatukukimbia risasi ili tuje kumalizwa na kazi.