Hosteli si utoto, wazee wa geto mnisamehe

Nilikuwa kimya kidogo, mambo ya majaribio na prezentesheni, mnaelewa. Leo kuna jambo linanikera na nitalisema kama lilivyo.

Kila ukikaribia mwaka mpya wa masomo, kwenye vimbweta unasikia wimbo uleule: hosteli ni za mwaka wa kwanza, mtu mzima anakaa geto. Ukiwa mwaka wa pili ukaomba chumba cha kampasi unachekwa, eti bado unataka kulelewa. Mimi nasema hapana. Chumba cha ndani ya chuo ni kifaa cha kusomea, kama kitabu na kalamu. Anayekikataa kwa kuogopa kuchekwa anajiibia mwenyewe.

Tuanze na hela, maana ndiyo hoja yenu kubwa, kwamba geto ni rahisi. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Tuseme umepewa bumu la siku 60, hiyo ni 600,000. Umepata chumba cha 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki 40,000 yako, anataka ya miezi sita kwa mpigo. Hapo 240,000 imeondoka kabla hujanunua hata ndoo. Inabaki 360,000, yaani 6,000 kwa siku, na humo utoe nauli, mkaa au gesi, maji, LUKU na chakula. Godoro bado. Ndiyo maana mwezi wa pili watu wanapiga pasi ndefu halafu wanakuja kuwatembelea wenzao wa hosteli saa ya kula!

Najua utasema bumu linalofuata halina kodi, na hata hosteli inalipiwa. Kweli. Lakini sisi tunaosomea ualimu tuna hesabu ya ziada. Kuna mazoezi ya kufundisha. Unapelekwa shule ya mbali huko, unapanga chumba kingine, na kodi ya Moro inaendelea kula kimya kimya. Likizo pia inakula. Unalipia kitanda analalia panya.

Haya, tuje kwenye muda. Ratiba zetu mnazijua, kipindi cha kwanza saa moja asubuhi, kingine saa kumi jioni, katikati hewa. Wa hosteli anaenda kulala kidogo au kufua, kisha anarudi. Wa mtaani anazunguka na begi mgongoni kutwa nzima. Chukua mtu anayetumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kuhesabu na kule kusubiri daladala ijae. Ni saa 3 kwa siku, 15 kwa wiki, 225 kwa muhula wa wiki 15. Masaa 225 jamani! Ukiyapigia msuli hayo, sapu utaisikia kwa jirani. Na diskasheni nzuri huwa zinaiva usiku, muda ambao wa mtaani anaangalia saa. Kwa dada zetu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila jioni wanachagua kati ya kumaliza swali na kufika salama. Mtu asiniambie huo ni uhuru.

Siku hizi kuna kundi jipya, wazee wa SGR. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro Juni 2024, kwa muda usiofika saa mbili, basi mtu anakwambia atakaa kwao Dar awe anakuja vipindi. Kaka, ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi 26,000, na posho ni 10,000. Hapo hujapanda bajaji toka stesheni. Treni ni nzuri kwa kwenda kumsalimia mama, si kwa kusomea digrii.

Wengine wanakuja na hoja nzito zaidi, na hii naiheshimu. Wanasema mwalimu anatakiwa kuishi na jamii, na kwamba Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alipinga shule kujitenga na watu. Ni kweli alipinga. Ila msomeni mpaka mwisho. Hakusema wanafunzi watawanyike kila mtu na chumba chake. Alitaka shule yenyewe iwe jumuiya inayofanya kazi, inayolima na kujitegemea.

Na mfano tunao hapa hapa Mazimbu. Mwaka 1978 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifungua shule kwenye shamba la zamani la mkonge walilopewa na serikali yetu, kwa ajili ya vijana waliokimbia nchi yao baada ya machafuko ya Soweto ya 1976. Ikapewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi na walimu waliishi pamoja pale pale. Walilima, walifuga, walikuwa na kiwanda cha samani. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya SUA. Hivi wale nao walikuwa watoto wa kulelewa? Watu waliokuwa wanajiandaa kuikomboa nchi hawakuona haya kulala bweni.

Sasa, vyumba havitoshi, hilo nalijua, wengine tumeshabebana kitanda kimoja watu wawili. Lakini kitu kikiwa hakitoshi unadai kiongezwe, huanzi kusema hakina maana. Tukishajisifia geto, nani atahangaika kujenga bweni? Na vile vichache vilivyopo visigawiwe kwa kuangalia mwaka wa masomo peke yake. Waanze wenye ulemavu, waanze wasio na uwezo wa kutoa kodi ya miezi sita, waanze wanaotoka mbali na hawana ndugu hapa mjini. Mwenye kwao Kihonda au Bigwa, panapofikika kwa daladala, aache zamu kwa mwenzake, hapo sina ugomvi naye.

Wewe mwingine, fomu za vyumba zikitoka, jaza. Watakaokucheka mtakutana kipindi cha mitihani, wanaomba kulala kwako.

Naomba kutoa hoja.