Pugu na watoto: Pango litazamwe kwa nje

Jumamosi mama mmoja wa Msasani aliwapeleka wanawe kutembea msitu wa Pugu, Kisarawe, hadi kwenye machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Mdogo, miaka tisa, alitaka kuingia pangoni akaone popo.

“Mama, kidogo tu.”

Akamkatalia. Mtoto alinuna hadi kituo cha daladala.

Mama hakukosea. Si kila popo ana ugonjwa, lakini popo wala matunda wa mapangoni na migodini wanaweza kubeba virusi vya Marburg, vilivyothibitishwa Kagera mwaka 2023. Vumbi la kinyesi cha popo nalo laweza kuwa na fangasi wanaodhuru mapafu.

Mzazi, msituni wapeleke. Pangoni wasiingie.