Mtunzi wa wimbo apewe haki yake

Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani, Shawn Fanning, alizindua Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Wenye nyimbo walishtaki, na Julai 2001 huduma hiyo ikafungwa. Wengi walidhani hilo lilikuwa jambo jipya. Kwetu sisi tuliokulia Lamu halikuwa geni hata kidogo.

Nyimbo za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi aliyefariki 2016, zilitufikia kwa kanda zilizonakiliwa nyumba hadi nyumba. Kanda ilipanda mashua hadi Siyu na Faza, ikanakiliwa tena. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Sisemi kwamba kunakili kote ni uovu. Nikiwa mwanaisimu, nakiri kwamba kanda hizo zilihifadhi matamshi na msamiati wa Kiamu ambao vitabu vya shule haviushughulikii. Dhuluma ilikuwa katika kupotea kwa jina. Mwimbaji alisifiwa, mshairi aliyetunga maneno akasahauliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa, lakini sheria haiwezi kutuandikia jina juu ya kanda.

Walimu na wanafunzi, leo nyimbo hizo hupitishwa kwa simu. Kabla ya kumpelekea mwenzio, andika jina la mtunzi na la mwimbaji. Usipolijua, waulize wazee maadamu wangalipo. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.