Kitufe cha kulia si pambo la kipanya

Ukipanda matatu mjini Kisii kuelekea Keroka, huketi sana kabla ya utingo kupiga kelele: "Keumbu! Wa Keumbu!" Hapo ndipo niliposhuka Ijumaa moja jioni, manyunyu yakianza, akina mama wakifunika mikungu ya ndizi kwa karatasi za nailoni. Kati ya duka la mbolea na kibanda cha kinyozi pana chumba kimoja chenye tarakilishi mbili, printa na mashine ya fotokopi. Mwenye chumba hicho ni binamu yangu.

Nilikuwa nimepita tu kumjulia hali, nikitarajia kikombe cha chai. Chai nilipewa, lakini mwenyeji wangu uso ulikuwa umemshuka.

"Kaka," akaniambia, "leo nimemharibia mtoto wa watu."

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alikuwa amemletea barua ya kuomba nafasi ya chuo, ikiwa ndani ya flashi. Aliichapa mwenyewe shuleni na kuihakiki na mwalimu wake. Kilichobaki ni kuigeuza kuwa PDF tu, maana chuo kilisema hakitapokea barua ya aina nyingine. Binamu yangu aliifungua, akaigeuza, akaifunga, akampokeza. Shilingi chache, dakika chache, kazi imekwisha. Siku ya pili kijana alirudi mbio. Barua ilikuwa imerudishwa kwa sababu nambari yake ya mtihani ilipungua tarakimu moja, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na moja ya jioni hiyo hiyo.

Ilipungukaje? Tulikaa tukafuatilia. Barua ilipokuwa wazi kwenye skrini, mteja mwingine aliingia akiuliza bei ya fotokopi. Binamu yangu aligeuka kumjibu, na kidole kikagusa kitufe cha kufutia. Hakuona. Wakati wa kufunga, mashine ikamwuliza kama inavyouliza siku zote: mabadiliko yahifadhiwe? Mkono wenye haraka ukajibu ndiyo.

Bahati nzuri barua ilirekebishwa na kutumwa kabla ya saa. Lakini swali lilibaki mezani pamoja na vikombe. Je, palikuwa na haja gani ya kuifungua barua ile hata kidogo?

Mazoea yana taabu

Msomaji, wengi wetu hatujawahi kujiuliza swali hilo. Tumezoea kwamba ili uifanyie faili jambo lolote, sharti kwanza uifungue. Ni sawa na kulazimika kufungua bahasha ya mwenzio kila unapotaka kuibandika stempu. Mtu mwenye duka la kuchapa hufungua bahasha za namna hiyo kutwa nzima: wasifu wa mwalimu, barua ya kanisa, mkataba wa shamba, ombi la basari. Kila moja inapokuwa wazi, paka akiruka mezani, mtoto akigusa kibodi au umeme ukipotea, hasara ni ya mwenye barua.

Dawa yake iko chini ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ni kile kitufe cha kulia cha kipanya.

Kitufe hiki kina historia yake. Mwaka 1968, Mmarekani Douglas Engelbart alipokionyesha kipanya hadharani mjini San Francisco, kilikuwa na vitufe vitatu. Apple walipoleta Macintosh mwaka 1984 walikipa kimoja tu, ili mtumiaji asichanganyikiwe. Ni Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliyowazoesha watu wengi duniani kubofya kitufe cha kulia na kuona orodha fupi ya kazi ikitokea pale pale kilipo kipanya: fungua, nakili, futa, badilisha jina.

Wengi wetu tuliipokea orodha ile kama sheria iliyoletwa kutoka juu. La hasha! Orodha hiyo inaweza kuongezwa. Unaweza kuandika ndani yake kazi unayoifanya kila siku, kwa programu unayoitumia wewe, na kuipa jina kwa lugha unayoitaka.

Tulivyofanya Keumbu

Katika tarakilishi ya binamu yangu mna LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo ilianza mwaka 2010. Ilizaliwa kutokana na OpenOffice, ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifasiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. LibreOffice ina sifa moja ambayo watu wengi hawaijui: inaweza kugeuza barua kuwa PDF bila kuonyesha dirisha lolote, mradi ipewe amri iliyoandikwa vizuri. Tulichotaka ni kuiweka amri hiyo kwenye orodha ya kitufe cha kulia.

Ukitaka kujaribu, fuata nami polepole. Kwanza tengeneza folda mpya ndani ya diski C na kuiita PDF. Humo ndimo kazi zilizogeuzwa zitakapowekwa.

Kisha shikilia kitufe cha Windows na kubonyeza R. Kisanduku kidogo kitatokea. Andika humo neno regedit, ubonyeze Enter. Utaingia mahali panapoitwa Registry, ambapo ndipo Windows inapoweka mipangilio yake mingi ya ndani. Tahadhari! Hapa si mahali pa kuchezea. Ukifuta usichokijua, mashine inaweza kukataa kuwaka. Kwa hiyo kabla ya lolote, nenda kwenye File, uchague Export, na chini ya dirisha weka alama kwenye All ili uhifadhi nakala ya yote. Seremala hupima mara mbili ndipo akakata mbao.

Sasa upande wa kushoto fungua HKEY_CURRENT_USER, ndani yake Software, ndani yake Classes. Tumechagua sehemu hii makusudi, kwa kuwa inahusu mtumiaji mmoja tu. Hapo utaunda vijisehemu vitano, kila kimoja ndani ya mwenzake kama sufuria za duka la vyombo. Kila mara bofya kitufe cha kulia juu ya kile cha nje, chagua New, kisha Key, na uandike jina. Majina kwa mpangilio ni haya:

SystemFileAssociations
.docx
shell
GeuzaPDF
command

Ukikuta jina fulani tayari lipo, usiliunde tena. Ingia ndani yake na kuendelea. Usisahau nukta iliyo mbele ya docx.

Bofya sasa GeuzaPDF. Upande wa kulia utaona neno Default. Libofye mara mbili, na kwenye nafasi ya kuandika weka maneno unayotaka yaonekane kwenye orodha. Binamu yangu aliandika: Geuza iwe PDF. Wewe ungeweza kuandika kwa Kigusii, Kidholuo au Kikamba, na mashine isingekuwa na neno.

Hatimaye bofya command, ufungue Default yake vilevile, na kuandika amri hii katika mstari mmoja bila kuikata:

"C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe" --headless --convert-to pdf --outdir "C:\PDF" "%1"

Tusiinakili kama kasuku. Sehemu ya kwanza ni anwani ya programu yenyewe. Neno headless linaiambia ifanye kazi bila kufungua dirisha. Convert-to pdf ndiyo kazi yenyewe. Outdir ni mahali pa kuweka matokeo. Na ile alama ya asilimia yenye moja ni nafasi tupu ambayo Windows huijaza jina la faili uliyoibofya. Alama za kunukuu zinazoizunguka usiziache. Bila hizo, faili inayoitwa Barua ya Shule itaonekana kama faili tatu: Barua, ya, na Shule, na hakuna hata moja itakayopatikana.

Funga Registry. Nenda kwenye barua yoyote ya aina ya docx, ubofye kitufe cha kulia. Katika Windows 10 utaona maneno yako papo hapo. Katika Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, orodha ya kwanza ilifupishwa, hivyo chagua Show more options, au bonyeza Shift pamoja na F10, ndipo utayaona.

Binamu yangu alibofya. Tukangoja kidogo. Tulipofungua folda ya PDF, barua ilikuwamo imegeuzwa, na ile ya asili haikuguswa hata herufi.

Mambo ya kuangalia

Furaha isitufanye vipofu, msomaji. Kuna mambo manne tuliyojifunza jioni ile.

La kwanza, LibreOffice yenyewe iwe imefungwa unapotoa amri hii. Ikiwa wazi, amri inaweza kupita kimya bila kufanya kazi. Aidha, bofya faili moja moja, si rundo zima.

La pili, majina. Watoto wawili wakileta faili zinazoitwa barua, PDF ya pili itafuta ya kwanza bila kuuliza. Kila faili iitwe kwa jina la mwenyewe kabla ya kugeuzwa.

La tatu, kagua PDF kabla ya kumpa mteja. Barua iliyochapwa kwa programu nyingine inaweza kubadilika sura kidogo, hasa ikiwa aina ya herufi zake haimo katika mashine yako. Hapa unafungua nakala, na si barua ya asili.

La nne, folda ile itajaa nambari za vitambulisho na siri za watu. Mteja akishapokea kazi yake, futa. Duka la kuchapa ni kama zahanati: unayoyaona humo yaishie humo.

Na siku ukichoshwa na neno lako, rudi Registry ukafute kijisehemu cha GeuzaPDF peke yake. Orodha itarudi kama zamani.

Kwa waoga wa Registry

Baadhi yenu mtasema, "Hayo ya Registry siyawezi." Si vibaya. Kuna njia mbili zisizo na hatari hiyo.

Kwenye kile kisanduku cha Windows na R, andika shell:sendto. Folda itafunguka. Weka humo njia ya mkato ya programu unayoipenda. Tangu hapo, ukibofya faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua Send to, programu hiyo itakuwamo, na faili itafunguka kwayo. Ukichoka nayo, iondoe humo. Basi.

Njia nyingine iko ndani ya LibreOffice yenyewe. Fungua Tools, kisha Customize, kisha ukurasa wa Context Menus. Unaweza kuongeza humo kazi zitakazotokea unapobofya kitufe cha kulia juu ya aya, jedwali au picha. Mwanafunzi anayeandika tasnifu akiongeza humo kazi anayoitafuta mara hamsini kwa siku, atanishukuru.

Nawajua wazazi watakaouliza mtoto wao wa sekondari atafaidika nini na mambo haya. Nitawajibu hivi. Watoto wetu wamefundishwa kuitumia tarakilishi kama abiria anavyolitumia gari: anakaa, anapelekwa. Anayeweza kuongeza mstari mmoja kwenye orodha yake amehamia kiti cha dereva. Ameanza kuiambia mashine jinsi anavyotaka yeye kazi ifanywe. Wanaotengeneza programu hizi wako mbali sana na Keumbu. Hawajui kwamba mlangoni kuna mteja anayeuliza bei ya fotokopi. Anayejua ni aliyeketi pale, na ndiye anayepaswa kuipanga meza yake.

Nilipoamka kesho yake kurudi Nairobi, nilipitia dukani kuaga. Mwalimu mmoja alikuwa amekuja na wasifu wake. Binamu yangu alibofya kitufe cha kulia, akageukia mteja aliyekuwa mlangoni, wakazungumza bei hadi wakaelewana. Alipoirudia mashine, kazi ilikuwa tayari.

"Mbona hukuufungua?" mwalimu akauliza, kidogo akiwa na wasiwasi.

"Mwalimu, huo ni wako," akamjibu. "Mimi nimeugeuza tu."

Tukutane Jumapili ijayo.