Kuona Mtoto Si Kusaidia Mama

Beshte yetu anasuka nywele Kenyatta Market. Amejifungua juzi. Tukaenda kumwona tukiwa watu saba, tukapiga picha na mtoi, tukanywa chai aliyotupikia yeye mwenyewe, mshono bado unamuuma. Vyombo tukamwachia. Manze, hiyo si sapoti. Hiyo ni kumwongezea kazi.

Mtasema, "Si ako na likizo?" Likizo gani? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi 3 na mshahara kamili. Msusi analipwa kwa kichwa. Asiposuka, hakuna pesa. Kodi haijui kuna mtoto.

Kwa hivyo wacheni baluni. Ile doh mnakula nyama choma hapo hapo sokoni, changeni mumlipie nyumba mwezi mmoja. Pelekeni uji wa wimbi. Fueni nepi. Shikeni mtoto, mama alale masaa mawili. Na wewe msusi mwenzake, wahudumie kastoma wake, umtumie kitu kwa M-Pesa, halafu akirudi umrudishie. Usimwibie.

Na ukifika, usiulize "nikusaidie na nini?" Vyombo unaviona. Osha.