Birika Tunalo, Sabuni Iko Wapi?

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani tuna sifa ya usafi, na sifa hiyo hatukupewa bure. Mgeni akiingia nyumbani, kabla sinia halijatua, huletewa birika na tasa akanawishwa na mtoto wa nyumba. Mwenye kusali hutawadha mara tano kwa siku. Lakini leo nina swali ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu: birika tunalo, sabuni iko wapi?

Swali hili nilitiwa kinywani na daktari mmoja kijana. Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto wa miaka saba, aliharisha mara mbili katika mwezi mmoja, na mara ya pili alilegea hata macho yakadidimia. Baada ya kumnywesha maji ya chumvi na sukari, daktari aliniuliza, “Mzee wangu, mtoto huyu akiwa chuoni hunawa vipi?” Nikajibu kwa kujigamba kwamba chuoni pana mapipa na birika, wala maji hayakosekani. Akauliza tena, “Na sabuni?” Nikanyamaza.

Kesho yake nilikwenda kujionea. Maji yalikuwa tele, kama nilivyosema. Watoto wakitoka msalani walijimiminia kopo, wakasugua viganja mara moja, kisha mbio hadi mlangoni kununua mabuyu na viazi vya karai. Kando ya birika palikuwa na kisahani kitupu. Mwalimu, naye si mtu mzembe, aliniambia kwamba alikuwa akinunua sabuni kila wiki na kila wiki ikipotea. Mara imeanguka mtaroni, mara imeyeyukia majini, mara imeingia mfukoni mwa mtu. Mwishowe alichoka.

Wapo watakaoniambia, “Bwana, sisi twatawadha, sabuni ya nini tena?” Hao nawajibu kwa heshima. Nami nimelelewa juu ya jamvi la chuo, na nilizijua nguzo za udhu kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kizungu. Udhu ni ibada, nao hutimia kwa maji matupu. Lakini vijidudu viletavyo kuhara hunata kwenye mafuta ya ngozi, na maji na mafuta hayapatani. Sabuni ndiyo mpatanishi: upande mmoja hushika mafuta, upande wa pili hushika maji, na uchafu ukang’oka ukaenda zake. Udhu humwandaa mtu kwa sala, sabuni humkinga na maradhi. Sioni ugomvi baina ya mambo hayo mawili.

Tena si jambo tusilolijua. Machi 13, 2020, ilipotangazwa kwamba korona imeingia Kenya, kila duka na kila ofisi iliweka mtungi wenye bomba na sabuni mlangoni, na sote tukajifunza kunawa kwa sekunde ishirini. Hofu ilipopungua, sabuni ikatangulia kutoweka, kisha maji, kisha mitungi yenyewe. Kipindupindu na kuhara havikuondoka pamoja nayo.

Basi nilifanyaje? Sikwenda kumlaumu mwalimu wala kuitisha mkutano. Nilichukua chupa ya jemu iliyokuwa ikisubiri kutupwa jaani, chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati. Nikatafuta pampu ya chupa ya mafuta ya kujipaka iliyokwisha. Nilichora duara la shingo ya pampu juu ya mfuniko, nikaulaza mfuniko juu ya gogo, nikautoboa kwa msumari na nyundo kufuata duara lile, kisha nikapiga msasa kingo zisije zikamkata mtu. Nikapachika pampu kwa gundi kali na kuiacha ikauke usiku na mchana. Mrija nikaupunguza hata ukakaribia kugusa kitako cha chupa.

Sabuni nayo si lazima inunuliwe ya maji. Nilikwaruza gramu 100 za sabuni ya kipande, nikaziyeyusha katika lita 2 za maji ya moto, nikaacha zilale. Asubuhi ilikuwa nzito kama uji, nami kwa pupa nikaitia hivyo hivyo. Pampu ikaziba! Ikanibidi niilegeze kwa maji yaliyochemshwa. Na ikiisha, usiongeze mpya juu ya masalio, kwa maana sabuni iliyotiwa maji huweza kuota vijidudu. Ioshe chupa kwanza, ikauke, ndipo uijaze.

Utasema kioo na watoto havipatani. Kweli kabisa. Kwa hiyo niliishonea chupa kikapu kidogo cha ukili, nikakifunga ukutani kando ya birika. Anayehofia kioo na atumie chupa ya plastiki, kwa sababu ninachotetea ni sabuni. Mimi nilipenda kioo kwa kuwa huonyesha wazi sabuni ilipofika, na mwalimu hujua siku ya kuijaza bila kuambiwa.

Majirani walinicheka. Mmoja aliuliza kama mzee amefilisika hata anaokota chupa. Nami namuuliza yeye: ni aibu ipi kubwa, kutumia chupa ya jemu, au kumtia mtoto mabuyu mkononi mkono haujaoshwa? Tumezoea kudhani kwamba usafi ni kitu cha kununuliwa dukani kikiwa na picha ya maua, na asiye na fedha basi asubiri. Kumbe kilichokosekana pale chuoni hakikuwa fedha, maana sabuni ilikuwa ikinunuliwa. Kilichokosekana ni mahali pa kuihifadhi isipotee.

Chupa ile sasa ina miezi mitano. Pampu imevunjika mara moja, nikatia nyingine. Mjukuu wangu hajaharisha tena, ingawa sitadai kwamba ni kwa ajili ya chupa peke yake. Lakini nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mwenzake kutoka mlangoni, “Hujabonyeza, rudi!” Wazazi wenzangu, hebu nendeni mkachungulie penye birika la chuo cha watoto wenu, na shule pia, na msikiti pia.

Namalizia kwa ubeti niliowatungia watoto wale, nao huuimba wakinawa:

Kabla hujala chakula, nawa maji na sabuni
Chupa usipe jalala, iweke kwako nyumbani
Wala usione dhila, kuokota cha jaani
Maradhi hayana hila, yakitoka mkononi